Maksai Aliyetafuniwa na Uyoga

Nkwimba mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Magu tu wazima, mpunga tumeshavuna, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza utawaelezaje wakulima vimeng'enya vya uyoga vinavyolainisha mabua. Nilipokuwa msichana, baba alitaka kumchinja maksai wetu mzee. Meno yalikuwa yameisha, malisho makavu yakamshinda. Siku moja nikamkuta karibu na kisima, anakula kwa raha mabua ya mpunga yaliyolowa na kuota uyoga. Nikayashika, laini! Nikamsihi baba asubiri, nikawa namlisha hayo.

Mvua zilipoanza, mzee yule alikokota plau akawaacha maksai vijana nyuma. Baba akapiga vigelegele kama mwanamke!

Waambie vimeng'enya ndiyo meno ya uyoga: ulikuwa umeshamtafunia maksai yule mabua. Atakayebisha, mlete kwa bibi yako.