Namba Kumi na Moja Hachezi Nyumbani

Kware, Nairobi
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kaka yangu Mbaluka,

Pokea salamu zangu kutoka ghorofa ya tano, ambako maji hutufikia mara mbili kwa wiki na mbu hutufikia kila siku. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, na goti linakubali kukunjika zaidi kuliko lilivyokuwa Pasaka. Baba naye yu hali gani? Bado anachonga wale twiga wa watalii, au macho yamemwambia apumzike? Mama simuulizii, maana nilizungumza naye Jumapili na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto nilichokigonga kwa nyundo nikimalizia kitanda cha mteja wa mtaa wa Fedha. Fundi Munyoki aliniambia kidole kitapona chenyewe, lakini kitanda kimeingia damu, kwa hivyo nianze kwa kupangusa kitanda.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Tangu simu yako ivunjike pamoja na goti, kila neno langu kwako linapitia simu ya Mama, na Mama hajui kuzungumza kwa simu bila kuifungulia spika. Ujumbe mfupi nao huwasomea watu wote mkimaliza kula. Niliyo nayo leo si ya kusomwa mkimaliza kula. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya mbao, na Masinde, yule dereva wa lori la mbao anayepitia Wamunyu kila Ijumaa, ameapa kukukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Nianze na timu yenu ya mpira wa vikapu hapo chuoni, maana najua ndiyo unayotaka kuisikia, hata kama Baba amekataza isitajwe katika boma lake tangu uumie.

Timu iko pabaya. Wamecheza mechi kumi na kushinda tatu tu. Kituko ni kwamba zile tano za nyumbani wamepoteza zote, na hizo tatu walizoshinda ni za ugenini. Timu zote duniani hushinda kwao. Hii yenu hushinda kwa wenyewe. Mechi ya mwisho ni Jumamosi hii, nyumbani, saa nane mchana. Timu mbili za mwisho hushuka daraja. Nyinyi ni wa tatu kutoka chini, na hao wageni wa Jumamosi ni wa pili kutoka chini. Mshindi anabaki, mshinde anashuka. Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi juzi.

Kocha wenu wa zamani alihamishwa Februari, ulipokuwa ungali hospitalini. Aliyechukua nafasi yake ni Bwana Bwire, mwalimu wa ufundi bomba, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Humjui naye hakujui. Ni mtu mwema na anajitahidi kupita kiasi. Waliposhindwa mechi ya pili ya nyumbani alisema ni chapati, akapiga marufuku chapati siku za mechi. Waliposhindwa ya tatu alisema ni jua, akahamisha benchi upande wa pili. Wakapigwa na jua, wakapigwa na wageni pia. Baada ya hapo alianza kuwauliza mmoja mmoja kama kuna shida nyumbani kwao.

Kwa ajili ya Jumamosi chuo kizima kimeshughulika. Wanafunzi wa kuchomelea vyuma wameinyoosha ile ringi iliyokuwa imeinama tangu enzi zako, mistari imepakwa rangi upya, na Mkuu wa Chuo ametangaza kwamba atahudhuria. Mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi kila siku. Bwire ana sheria moja mpya: hutoi pasi kabla ya kumwita kwa jina unayempasia, kwa sauti ya kusikika barabarani. Mwanzoni wachezaji walicheka, lakini inasaidia.

Kuna mchezaji mmoja ambaye watu wamekuwa wakimlalamikia. Huvaa jezi yako, ile namba kumi na moja. Ugenini anafunga pointi ishirini bila jasho, lakini mechi za nyumbani haonekani. Kila Jumamosi ya nyumbani ana sababu: yuko kwenye mafunzo ya kazini, kuna mgonjwa, kuna harusi. Bwire husema kijana huyo ana mikono ya dhahabu ila hana mapenzi na kwao.

Kaka, kama umesimama, kaa chini. Namba kumi na moja ni mimi. Na katika karatasi za ligi siitwi Ndete. Ninaitwa Mbaluka Matheka. Nimekuwa wewe tangu Machi.

Ilianza Machakos. Nilikuwa nimewafuata tu kama shabiki, nikabeba maji. Wawili waliachwa na gari asubuhi, mmoja tumbo likamgeuka njiani, tukafika wachezaji wakiwa wanne badala ya watano. Bwire alikuwa amekwenda kuwatafuta wale waliochelewa. Sylvance, nahodha wenu, akafungua mkoba wa kadi akakuta yako bado imo. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaniambia, "Buda, wewe na bro wako ni fotokopi. Hawa wasee wa huku watajulia wapi?" Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili sikukataa. Nikaweka sahihi yako, ambayo unajua niliizoea tangu tukiwa shule ya msingi, nikavaa jezi. Nilifunga pointi kumi na saba. Bwire alipofika tulikuwa robo ya pili. Akasoma jina kwenye karatasi ya mechi, na kuanzia hapo akaniita Mbaluka. Tuliporudi Nairobi alitupitisha soko la Burma akatununulia nyama, na kipande cha kwanza akanipa mimi.

Sijitetei. Lakini unakumbuka ile ringi ya ndoo aliyotutengenezea Baba nyuma ya choo. Tulirusha pamoja, na kuna siku nilikushinda. Halafu wewe ulipita mtihani ukaenda chuo, mimi nikaja kwa Munyoki, na katika karakana hakuna anayeuliza kama unajua kuruka. Machakos watu waliuliza. Ndiyo maana nilirudi kwenye mazoezi, asubuhi mapema kabla wanafunzi wa darasa lenu hawajafika, na ndiyo maana nyumbani sikuthubutu kucheza. Nyumbani kila mtu anaijua sura yako, na wengine wanaijua hata yangu. Wachezaji wote walijua. Bwire peke yake ndiye hakujua.

Jumatatu wiki hii ligi ilitoa orodha ya wachezaji kumi na wawili wa timu ya pamoja ya vyuo, ikabandikwa ubaoni karibu na maktaba. Jina lako lilikuwa la nne. Muthoki wa darasa lenu, yule aliyekuwa akikuandikia noti, akaliona. Alinitafuta hadi karakana akaniuliza kama umerudi na kwa nini hujamsalimia. Nikababaika. Muthoki si mjinga, akaelewa kabla sijamaliza kubabaika. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba orodha ile imepelekwa pia ofisi ya wanafunzi, na katika ofisi hiyo hiyo kuna faili lenye barua ya daktari inayosema Mbaluka Matheka hawezi kutembea bila mkongojo na ameruhusiwa kukaa nyumbani hadi Septemba. Akauliza nani atakayeamini kwamba mtu wa mkongojo alifunga pointi ishirini na nne Thika. Watasema barua ya daktari ni ya uongo, akasema, na watakufukuza wewe.

Kaka, naapa kwamba hadi wakati huo sikuwa nimewaza hivyo. Nilidhani nikishikwa nitashikwa mimi.

Nilimwendea Sylvance jioni ile ile. Yeye aliona dawa ni kucheza Jumamosi, hapo nyumbani, mbele ya kila mtu, nikiwa nimenyoa kipara kama chako na kujifunga bandeji gotini, ili ofisi iamini kwamba umepona mapema. Tukishinda, alisema, hakuna atakayeuliza. Usicheke. Huu ni mwaka wake wa mwisho, na hajawahi kumaliza msimu bila aibu. Nililifikiria jambo hilo usiku na mchana wa Jumanne. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati la mteja nikajaribu kusimama kama unavyosimama wewe. Nilitaka sana, kaka. Nilitaka kucheza hata mara moja mahali ambapo watu wananijua.

Jana asubuhi nilifika kabla ya wengine, nikamkuta Bwire anafungua bomba la nje ili wachezaji wapate maji. Nikamwambia yote, kuanzia Machakos. Alilifunga lile bomba polepole. Akaniuliza Mbaluka yuko wapi, nikamwambia yuko kwa wazazi, Wamunyu, na goti. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia.

"Miezi mitatu," akasema, "nimemfundisha mtu ambaye sijawahi kumsalimia."

Kisha akanipa mkono, Mungu anajua kwa nini, na tukaenda ofisini pamoja. Mama wa ofisi ya wanafunzi alinipa karatasi niandike maelezo. Niliandika kwamba wewe hukujua lolote, hukutuma mtu, na kadi yako ilitumiwa ukiwa kitandani. Alisoma mara mbili, akanifanya niweke sahihi mbele yake. Faili lako ni safi. Amesema mbele ya Bwire kwamba Septemba unarudi darasani kama ilivyopangwa, na barua ya kukuthibitishia hilo itatumwa kwa sanduku la posta la kanisa.

Mimi nimepigwa marufuku kukanyaga chuoni hadi mwaka uishe. Wachezaji wamepewa onyo la maandishi. Bwire mwenyewe alipiga simu kwa ligi, na zile mechi tatu tulizoshinda zimefutwa. Kwa hivyo timu yenu sasa haina hata pointi moja, iko mkiani, na hata ikishinda Jumamosi itashuka. Bwire amesema mechi itachezwa vivyo hivyo, na watano waliopo watakuwa wao wenyewe.

Nilipokuwa nikitoka langoni nilikutana na wachezaji wakitoka kupewa onyo lao. Wengine walinipita. Sylvance peke yake ndiye aliyesimama. "Umetuuza, Ndete," akasema. Miezi mitatu katika uwanja ule, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuitwa kwa jina langu.

Hayo ndiyo niliyomwambia Bwire na ndiyo yaliyo kwenye karatasi ya ofisi. Kuna moja ambalo sikuliandika, kwa sababu haliwahusu. Linakuhusu wewe.

Jumapili moja ya mwezi wa tano Mama alinipigia simu akipiga vigelegele. Alisema umetembea hadi kanisani bila mkongojo, na watu wote wamesimama kukupokea. Nilisema Bwana asifiwe, nikakata simu. Kisha niliketi juu ya kitanda ambacho sikuwa nimekipigilia mbao, nikahesabu mechi za ugenini zilizobaki. Zilikuwa mbili. Nikasema, kwa mdomo wangu, peke yangu pale karakana: Mungu, asipone haraka. Mwache kidogo.

Niliomba hivyo, kaka, na siku mbili baadaye Mama akasema goti limevimba tena. Najua goti halisikii maombi ya mtu wa Kware. Daktari alisema mapema kwamba huenda likavimba. Lakini nilipopewa habari hizo nilifurahi kabla ya kusikitika, na furaha hiyo ndiyo inayoninyima usingizi kuliko kadi na sahihi na mambo yote ya ligi. Thika nilifunga ishirini na nne kwa goti lako lililovimba. Niliona haya kukuandikia, na ningeona haya zaidi kukutazama Septemba bila wewe kujua.

Msalimie Baba, na umwambie msumeno wake mdogo nilioazima bado ninao na haujapoteza jino. Msalimie Mama sana. Ndindi mwambie asome. Dada yetu huyo akipita mtihani, nitamtengenezea meza ya mninga. Haya mengine usiwaambie, au waambie ukiona inafaa. Barua ni yako.

Masinde atapita tena hapo kwenu Jumapili akirudi Nairobi. Sikuombi uandike. Lakini ukiona unaweza kunisamehe, mpe salamu aniletee, hata neno moja. Nitakuwa nimesimama hapa chini karibu na kibanda cha mkaa kuanzia saa tisa, na akishuka bila neno, nitamsaidia kupakua mbao zake na sitamuuliza kitu.

Ni mimi ndugu yako,
Ndete Matheka