Kitambaa Alichonipigia Pasi Lynnette

Caro, siamini. Siamini wallahi.

Lynnette nilimfundisha mimi! Mimi! Kwamba unyevu wetu huu wa Kisauni unaipoteza chaji ya umeme tuli, kwa hivyo kitambaa cha sufu cha kusugulia rula lazima kipigwe pasi kwanza.

Jana kwetu stima ilipotea, nikampa na changu anipigie.

Leo kwenye kipindi cha fizikia mwalimu akaniita mbele. Nikaisugua rula mpaka mkono ukauma. Vipande vya karatasi vimelala tu! Darasa zima likacheka.

Akaja Lynnette na chake. Vikairukia rula vyote.

Mwalimu akamuuliza siri yake. "Nilikausha kitambaa, mwalimu. Mwenzangu hakujua."

HAKUJUA, Caro!

Nimekikagua changu. Kina mikunjo ileile niliyompa nayo.

Na hata tai yake ameipiga pasi.