Buti Zenu Zina Matope?

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mogitu babu yako anapalilia maharage, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Umeniuliza kwa nini kompyuta ya kampuni yenu inaonyesha matawi yote yanakwenda vizuri, lakini bosi akiamua kwa kuifuata mnapata hasara. Umenikumbusha mashamba ya ngano ya serikali, enzi nikiwa msichana wa redio ya upepo pale ofisini kwao. Kila asubuhi niliita shamba moja moja, "Habari za huko?" Wasimamizi wakajibu, "Nzuri." Meneja akisikia hivyo, anaamua kombaini za kuvuna ziende wapi.

Siku moja alizipeleka shamba la mbali, zikakwama kwenye matope, huku ngano iliyokauka kwingine ikizisubiri. Kumbe kule mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha! Meneja akashika redio, akafoka, "Mbona ulisema nzuri?"

Msimamizi akajibu kwa upole, "Mzee, dada alinisalimia, nikaitikia. Habari ya mvua hakuniuliza."

Meneja akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akaniagiza, "Wasalimie kwanza. Halafu waulize kama buti zao zina matope." Tangu hapo kombaini zilikwenda kwenye ardhi kavu.

Hebu angalieni hiyo kompyuta yenu inawauliza watu nini.

Nawe umeniandikia kwamba hujambo kabisa. Nimefurahi. Sasa niambie, jana jioni ulikula nini?

Bibi yako