Neno Nililomuambia Komanda Juu ya Piki Yako

Goma, Birere

Papa, asalam aleikum.

Nakusalimia kwanza, maana hata mutu mwenye hasira anapaswa kumusalimia baba yake. Mugongo wako unaendeleaje tangu mvua zianze huko Kindu? Na Mama, macho yake yameacha kutoa machozi? Mimi, muke wangu Zuhura na watoto tuko wazima. Garaji inafanya kazi. Habari nzuri zimeishia hapo.

Dada yangu Mwajuma ameniandikia. Anasema Salumu, jirani yetu muuza vitenge, alipofika Kindu alikuja kunywa chai kwako. Akakuambia mbele ya watu kwamba waasi walipoingia Goma niliwapa piki yako kwa mikono miwili, nikamufundisha komanda wao kuiendesha, na siku ya mwisho nikamukimbilia barabarani kumunong'oneza kama rafiki. Na wewe ukasema jina langu lisitajwe tena nyumbani.

Hukuuliza, Papa. Motere ya mutu usiyemujua ulikuwa unaisikiliza asubuhi nzima kabla ya kulegeza buloni hata moja. Mutoto wako umemuhukumu kabla chai haijapoa.

Sasa Mwajuma akusomee barua hii kwa sauti. Naandika hata yale unayoyajua, ili wote waliokuwa kwenye chai ile waelewe.

Piki ile uliachiwa na Mwitaliano uliyemuendeshea gari, yule enjenia wa barabara, alipoondoka na valizi moja. Siku mulima ulipotapika na mawe ya moto yakashuka katikati ya muji, tulipanda watu wanne: Mwajuma juu ya tanki, wewe, Mama, na mimi nyuma kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakumbuka harufu ya tairi. Tulipofika kwenye ile kona ya kushuka kabla ya Sake, ulifunga gesi mapema ukapunguza mwendo, kisha ukaingia taratibu. Tuliposimama ukaniambia piki hii haina munyororo, ina kadani, ule muti wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma, kama gari, na kwa hiyo ina tabia yake: ukifunga gesi ghafla katikati ya kona, nyuma inashuka, piki inakataa kuinama, na inakupeleka moja kwa moja kwenye mawe. Uliyarudia maneno hayo mara tatu.

Nyumba yetu ilibaki chini ya jiwe. Mulirudi Kindu, piki ukaniachia. Unafikiri niliitunza vipi? Kila Ijumaa baada ya sala niliitoa. Ndani ya muji ilikuwa na kiburi, unakijua. Ikiwa imesimama, ukigusa gesi inajitupa upande wa kuume kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ile mitungi miwili ya motere iliyotokeza huku na huku inakuchoma magoti. Inatetemeka, inanung'unika, inazimika mbele ya watu. Lakini ukilipita lile ziwa la Lac Vert, ukaingiza gia ya nne, inatulia. Sauti inakuwa nzito na moja, unaisikia kifuani, na unaona kumbe ilikuwa inadai barabara tu. Wale wamotari wenye vipiki vya Kichina walikuwa wanapunguza mwendo ili waisikilize ikipita. Zuhura alikuwa na wivu nayo. Leo unaambiwa niliigawa, na unaamini.

Waasi walikuja garaji siku ya pili baada ya kuingia muji. Komanda alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye adabu, akaniita muzee. Askari wawili walisimama mulangoni na bunduki. Akauliza piki ni ya nani, nikajibu ni ya baba yangu. Akasema baba yangu ataipata vita ikiisha. Aliijaribu pale pale, ikamuangusha mbele ya askari wake. Hakucheka mutu. Ndipo akaniamuru nimufundishe.

Siku tatu nilimufundisha kwenye barabara ya Lac Vert. Namna ya kuiamsha ikiwa baridi, namna ya kuivumilia ikitetemeka, namna ya kuacha uzito wake ufanye kazi. Nilimufundisha yote, isipokuwa tabia ya kadani. Hilo nililinyamazia kwa makusudi, Papa. Sitaki ufikiri mimi ni mutu mwema. Nilijua ataenda Sake, na kila asubuhi nilikuwa namungojea afe kwenye ile kona.

Siku ya nne alikuja kuaga. Nilikaa ndani nikimusikiliza anavyoiamsha, na kweli alikuwa amejifunza. Halafu nikasikia sauti ya mwanamuke. Nikatoka. Nyuma ya piki walikuwa wamemupandisha Mama Riziki, yule fundi wa kushona, muke wa Salumu huyu huyu. Walisema wanamupeleka Sake akawashonee askari nguo. Ameshika mukasi wake mukononi, na mulango wa nyumba yake umefungwa.

Salumu alikuwa ndani. Nilimuona kwenye pazia. Simulaumu kwa kujificha, kwa sababu bunduki ni bunduki. Namulaumu kwa ulimi.

Piki ilianza kwenda. Nikakimbia. Nilimufikia Komanda kwenye mutaro, alipopunguza mwendo, nikamushika mukono, nikamuambia karibu na sikio, kwa sababu motere ilikuwa inapiga kelele: "Usifunge gesi ndani ya kona. Funga kabla, la sivyo itawaua wote wawili."

Akazima motere.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

Nikasema nilisahau. Alijua ninadanganya. Alishuka taratibu, akanipiga na kitako cha bastola juu ya sikio la kushoto, kisha akapanda, akaondoka. Huko ndiko kunong'ona alikokuona Salumu kupitia pazia. Bastola hakuiona? Sikio hilo halisikii tena. Fundi wa motere, Papa, na sasa nasikiliza kwa sikio moja.

Mama Riziki alirudi baada ya siku tisa, juu ya lori la kabichi, vidole vimevimba kwa kushona. Aliniambia kwamba kwenye kona ile Komanda alifunga gesi mapema, kama nilivyomuambia, na piki ikapita kama maji. Yeye mwenyewe, kule nyuma, alikuwa anaangalia mawe chini.

Waasi walipofukuzwa muji walikimbilia upande wa Rutshuru, na piki nayo. Kuna mutu aliyeiona kule Kiwanja, karibu na Rutshuru, ikibeba magunia ya maharagwe, imetolewa taa. Sikwenda kuiangalia. Huko njiani walichoma nyumba za watu, na yule kijana alikuwa mbele yao, muzima, kwa neno langu. Hasira yangu kubwa iko hapo, kuliko kwa Salumu, kuliko kwako. Naamka nayo, nakula nayo. Na kama wangemupandisha Mama Riziki tena leo, ningekimbia tena. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Ningemuuliza baba yangu, lakini baba yangu amekataza jina langu.

Nilipomaliza kuandika nilimusomea Mama Riziki, maana aibu ya bwana wake imo humu. Nikamuambia kama anataka, nitaondoa ile habari ya pazia. Alikuwa anashona, hakusimamisha cherehani.

"Acha hivyo hivyo," alisema. "Miezi yote hii nimemubebea aibu yake, nimechoka. Sasa aibebe mwenyewe."

Kwa hiyo nimeacha.

Nisalimie Mama, aache kulia juu yangu. Nisalimie Shangazi Hadija anayeuza samaki wa kukausha kwenye beach, ile bandari ya muto Lualaba, na Shemeji Ramazani mwenye pirogi ya kuvusha watu, na yule mwalimu muzee aliyenifundisha kusoma Korani kwa kiboko. Mwajuma, wewe uliyeniandikia huku wengine wamenyamaza, Mungu akutunze. Salumu akiwa bado yuko hapo, mumupe kiti karibu, asikie vizuri.

Nangojea neno lako, Papa. Hata likiwa la matusi, liandike kwa jina langu.

Ni mimi, mutoto wako wa kwanza,
Amisi