Kiapo cha Kutouvuka Mto

Borgolungo, 3 Septemba 1901

Mwanangu Argia,

Salamu nyingi. Mimi mzima ila goti, na bata bukini wamenona. Natumaini mvuke wa kiwanda cha hariri haujakula mapafu yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Olindo wa Caprile? Mtu wa ng'ambo? Sisi tuna mnara wa miaka mia sita. Wao wana nini? Vyura na homa. Mji wao ulianzishwa na wakwepa kodi waliofukuzwa kwetu, na Mungu akapitisha mto wa Po katikati ili tusinuse harufu yao. Kila mto ulipojaa, babu yako alilinda tuta letu kwa bunduki, maana wale huja na mashua kulitoboa, tuzame sisi wapone wao. Leo unataka kumzalia mmoja wao.

Nimeapa mbele ya padri: siuvuki mto kwenda kwenye harusi hiyo.

Baba yako, Evaristo

Caprile, 20 Septemba

Baba, shikamoo.

Sijambo, na mapafu yapo. Huku wanasema ninyi ndio watoboaji. Babu yake Olindo naye alikesha tutani na bunduki, akimwogopa babu yetu. Wazee wazima, walitazamana maisha yao yote na hakuna aliyetoboa hata shimo la panya.

Harusi ni baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Nataka wewe unishike mkono kuingia kanisani. Usipokuja nitaingia peke yangu, mjomba simtaki.

Mwanao, Argia

Caprile, 30 Oktoba

Baba,

U mzima? Mafuriko yameficha kila kitu, tunaona mnara tu. Olindo alikuja kukutafuta kwa mashua, anasema ulimwelekezea bunduki. Nilifurahi kuwa u hai mpaka nikalia. Niandikie.

Mwanao, Argia

Borgolungo, 9 Novemba

Argia,

Mzima. Goti limelowa, bunduki pia.

Utakuwa umeshasikia. Mto umekata kona yake na kujichimbia njia mpya nyuma ya makaburi yetu. Kati yetu na Caprile limebaki tope, ng'ombe wanapita. Miaka mia sita ya heshima, na mto umetutupa upande wa vyura bila kubisha hodi. Meya amevaa nyeusi. Wale washamba wa Fossa, majirani zetu wa upande wa makaburi waliokuwa wakituamkia kwa kuvua kofia, jana walisimama ukingoni wakatuita watu wa ng'ambo.

Nilikwenda kwa padri kuhusu kiapo. Akasema, "Evaristo, uliapa hutauvuka mto. Mto uko wapi?" Nikamwambia hilo si jambo la kuchekea.

Basi nitakuja kwa miguu. Olindo asinikumbatie. Polenta yao, huo ugali wa mahindi, siigusi, nakuja na bata wangu. Niwekee maji mlangoni pa kanisa ninawe, sitaki kukushika mkono nikiwa na tope.

Baba yako