Walivyoacha Kuniita Mama Eliamani

Mwanangu mpendwa Eliamani,

Tangu tukuzike pale kihambani, kwenye migomba ya babu yako, hakuna anayeniita Mama Eliamani. Majirani, wa kanisani, hata muuza nyama, kwao sasa mimi ni Mama Upendo. Wanaona wananihurumia. Kumbe wanakuzika mara ya pili! Ulifia mlimani na mizigo ya watalii kichwani, na sasa jina nalo wanalifukia. Nina hasira nao, na siwezi kuwaambia.

Unakumbuka Jumamosi zetu za maktaba ya shule yako? Ulikuwa kidato cha tatu, umejitolea kupanga vitabu, ukanivuta na mimi kwa kuwa nilikuwa nashona magunia ya kahawa. "Mama, kitabu na gunia si vyote vinashonwa?" Nikaja na sindano yangu kubwa. Majalada nikayabandika kwa uji mzito wa unga wa ndizi, maana gundi hatukuwa nayo. Lo! Wiki iliyofuata tukafungua kabati: mende wamejaa tele, majalada yameliwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama, umewapikia mende!" Nilikununia kidogo, halafu nikacheka na mimi. Sijapata tena furaha kama ile, nakwambia kweli.

Sasa mdogo wako Upendo anasoma pale pale. Kila siku ananisihi, "Mama njoo, vitabu vinachanika." Nikawa nasingizia mgongo. Nilikiogopa kile chumba, mwanangu. Nilijua nitakutafuta kila kona.

Jumamosi iliyopita nilienda. Vumbi tupu, rafu zimelegea. Nikatoa sindano yangu, uzi ukakataa kuingia. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akanitungia, akauliza, "Samahani mama, tukuite mama nani?"

Upendo alifungua mdomo, nikamwahi. "Mama Eliamani."

"Eliamani yuko darasa gani?"

Upendo akainama, machozi yanamdondokea kwenye kitabu. Nikasema, "Amekufa. Ni kaka yake huyu. Alikuwa anapanga vitabu humu."

"Pole, Mama Eliamani," yule mtoto akasema, na wenzake wakarudia. Mpaka tunafunga mlango walikuwa wakiniita hivyo, huku na huku, bila kunionea haya. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Pumzika, baba. Jumamosi narudi tena, nikaitwe.

Mama yako