Mwalimu Kamba, Wote Tumeshika

Baba, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na nyumba hii bado haijakubali. Kila siku ya kufua, Mama anapekua kwanza mifuko ya suruali zetu, akitafuta vile vipande vyako vya chaki vilivyokuwa vikitia madoa nguo za watu wote. Siku hizi hapati kitu, na bado anapekua.

Maisha yako yote ya kazi ulifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya mtaa wetu. Pande la mtu kama wewe, magoti yakikaribia kidevu kwenye kile kiti kidogo, ukiimba ba, be, bi, bo, bu pamoja na watoto. Wenzako walipanda vyeo, wakawa walimu wakuu na wakaguzi. Shangazi alikutania kwamba ni wewe peke yako uliyerudia darasa la kwanza mpaka ukaota mvi, nawe ulicheka kuliko yeye. Ulipangusa makamasi, ulichonga penseli, ulifunga viatu, na kila mtoto aliamini kwamba unampenda yeye kuliko wengine.

Kisha mamlaka ya shule za jiji ikavunjwa. Wakubwa walivutana kuhusu nani achukue shule ipi, na mwisho wa yote yetu ikafungwa, watoto wakahamishiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Ulisema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na safari hii nyasi zenyewe ziko darasa la kwanza. Wazazi waliapa kuwaweka watoto nyumbani kuliko kuwavusha barabara ile ya malori. Ukapita nyumba kwa nyumba ukiwaomba wakuamini, kwamba hutapoteza hata mmoja. Hatukuwahi kukuona na hofu kama wiki ile, Baba. Hata chai ilikushinda.

Jumatatu ya kwanza ukaamka, ukavaa, na miguu ikakupeleka moja kwa moja kwenye shule ya zamani. Ukakuta geti lina kufuli, na watoto wako wamesimama pale na mikoba yao, kwa kuwa nao miguu yao haikujua njia nyingine. Mlinzi akakuambia hapa hakuna shule tena.

"Shule si hii hapa, imesimama mbele yako?" ukamjibu. "Kilichofungwa ni geti."

Ukaja nao mpaka uani kwetu, ukafungua kamba ya kuanikia nguo, ukaipiga mafundo, kila mtoto akashika fundo lake. Mashuka ya Mama, mabichi yanachuruzika maji, ukayatupia juu ya uzio. Ukatangulia mbele na kuuliza bila kugeuka, "Wote wameshika?" Wakaitika kwa pamoja. Malori yakasimama. Mwenda pole hajikwai, ukawa unawaambia njia nzima, na mkaingia shule mpya mmechelewa lakini mmetimia.

Tangu siku hiyo jina likawa Mwalimu Kamba. Uliwavusha kila asubuhi, hata ulipostaafu, hata goti lilipoanza kukusumbua, na hukupoteza hata mmoja. Mama alinunua kamba nyingine, ila mashuka hakukusamehe. Alikukumbusha kila mlipogombana, na mlipopatana pia.

Siku zako za mwisho ulikuwa umeanza kutusahau. Tulikuwa tumekizunguka kitanda, ukafumbua macho, ukauliza kwa ile sauti yako ya barabarani kama wote wameshika. Mama akakushika mkono, nasi wanao tukashikana mmoja baada ya mwingine mpaka mlangoni.

"Wote, Mwalimu," akasema. "Vuka tu."

Tunakukumbuka mpaka inauma. Wanakukumbuka mkeo, mwenye mashuka, kifungua mimba wako na mumewe, wale mapacha ambao bado wanabishana nani alikuwa kipenzi chako, dada yako mtani, ambaye sasa hana wa kumtania, wajukuu wako, na kitinda mimba wako, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kila asubuhi hutangulia mbele ya kamba ile ile, na kuuliza bila kugeuka.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Baba. Wote tumeshika.